Mcheza Kwao Hutunzwa: Filamu Fupi na Tuzo za Mji Mdogo

 

Leo tuzungumzie vitu vitatu ambavyo watu wengi huvidharau kwa udogo wake: filamu fupi, mji mdogo, na tuzo ambayo magazeti huiandika kwa mstari mmoja, tena ukurasa wa ndani. Kila kimoja peke yake hakimshtui mtu. Lakini vikikutana mahali pamoja, na watu wakavishika vizuri, huweza kufanya kazi ambayo miji mikuu yenye taa zake zote haijaifanya.

Nitaanza na mfano. Mwaka 1955 mji wa Tours, ulioko kando ya mto Loire nchini Ufaransa, ulianzisha tamasha la filamu fupi. Tours si Paris wala si Cannes. Ni mji wa mkoani. Mwaka 1963 ikafika pale filamu ya dakika ishirini hivi kutoka Senegali, jina lake Borom Sarret. Kisa chake ni siku moja ya mwendesha mkokoteni wa farasi mjini Dakar. Anapakia watu, wengi hawana cha kulipa. Anampeleka makaburini baba aliyebeba maiti ya mtoto wake mchanga. Fedha kidogo aliyoipata inaishia kwa mghani anayesifu ukoo wake. Mwishowe anakubali kumpeleka abiria mtaa wa wakubwa, ambako mikokoteni imepigwa marufuku. Polisi anamkamata, mkokoteni unabaki huko, na bwana yule anarudi nyumbani akimkokota farasi wake, mfukoni hana kitu.

Aliyeitengeneza ni Ousmane Sembène. Alikuwa amefanya ukuli katika bandari ya Marseille, akaandika riwaya, kisha akiwa anakaribia miaka 40 akaenda Moscow kujifunza kutengeneza filamu. Tours ikampa tuzo ya kazi ya kwanza. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1966, filamu yake ndefu ya kwanza, La Noire de..., ilipata Tanit ya Dhahabu kwenye tamasha la Carthage, Tunisia. Leo, ukimtaja baba wa filamu za Afrika, kila mtu anajua unamtaja nani.

Sisemi kwamba Tours ndiyo iliyompa Sembène kipaji. Kipaji alikuwa nacho. Ninachosema ni kwamba watu wa mji wa mkoani walimtambua alipokuwa bado ana dakika ishirini tu za kuonyesha, wakati ambapo majumba makubwa ya filamu duniani hayakuwa na habari kwamba Mwafrika anaweza kusimama nyuma ya kamera na kusimulia habari za mtaani kwake.

Basi swali letu la leo ni hili: tamasha la mji mdogo lifanye nini ili tuzo yake ya filamu fupi iwe na uzito? Nitatoa jibu langu mapema, kisha nilitetee. Tuzo ya namna hii inapata uzito pale wenye mji wanapokuwa wameiona filamu iliyotuzwa na wana kauli juu yake. Ikitolewa na wageni kwa wageni, mbele ya wageni, mji umegeuzwa ukumbi wa kukodi.

Kwanza tuelewane kuhusu filamu fupi yenyewe. Wale wanaotoa Oscar huko Marekani wanasema filamu fupi isizidi dakika 40, pamoja na orodha ya majina mwishoni. Matamasha mengine yanaruhusu hadi karibu saa nzima. Lakini watengenezaji wazoefu wanajitahidi kubaki kati ya dakika kumi na ishirini, na sababu yao ni ya kihesabu. Mpangaji wa ratiba ana saa moja na nusu ya kujaza. Anaweza kuweka filamu sita, saba, hata nane fupi katika muda huo. Ukimletea ya dakika 35, unamwambia awafukuze wenzako wawili au watatu ili wewe upate nafasi. Lazima iwe nzuri kweli kweli.

Jambo la pili ni la fedha. Filamu ndefu ina soko: ukumbi unauza tiketi, kituo cha televisheni kinanunua, siku hizi kuna mitandao ya kulipia. Filamu fupi haina mnunuzi wa namna hiyo. Hakuna mtu anayetoka Mwanakwerekwe au Likoni akalipa nauli kwenda kutazama filamu moja ya dakika kumi na mbili kisha arudi nyumbani. Kwa hiyo kwa mwenye filamu ndefu, tamasha ni njia ya kwenda sokoni. Kwa mwenye filamu fupi, tamasha ndilo soko lenyewe. Akikosa kuonekana pale, hana pengine pa kuonekana. Ndiyo maana tuzo inayoonekana ndogo machoni petu ni kubwa sana mikononi mwake.

Sasa tuje nyumbani. Wengine hudhani filamu fupi ni jambo lililoletwa juzi na simu za mkononi. Sivyo. Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, si mbali na Korogwe, kulianzishwa mradi wa kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika. Fedha zake zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani, na waliouendesha walikuwa Waingereza, akiwemo Meja Notcutt, aliyekuwa na uzoefu wa mashamba huku kwetu. Hadi mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu fupi 35. Hazikuwa na sauti ndani yake. Maneno yalirekodiwa kwenye sahani za santuri, yakapigwa pembeni wakati picha zinapita. Lori likabeba projekta, jenereta na turubai, likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Na filamu hizo zilisema nini? Zilisema: weka akiba posta. Kinga ardhi isimomonyoke. Jihadhari na minyoo ya safura. Lima kahawa namna hii. Si ushauri mbaya, baadhi yake. Lakini angalia mwanakijiji amewekwa wapi. Amekaa chini usiku, anafundishwa. Hakuna aliyemuuliza kama filamu ni nzuri, kama mchezaji ameigiza vizuri, kama kisa kina mantiki. Alipewa kiti cha mwanafunzi na hakupewa kingine.

Hata hivyo watu wetu hawakukaa muda mrefu kwenye kiti hicho. Mijini kulikuwa na majumba ya sinema ya biashara, na humo mtazamaji alikuwa mfalme. Unguja mjini kulikuwa na Majestic pale Vuga, iliyoanza miaka ya 1920 kwa jina la Royal, ikaungua mwaka 1954 na kujengwa upya. Kulikuwa na Empire na Sultana. Watu walivaa wakapendeza, hasa sikukuu, wakaenda kutazama filamu za Kihindi. Awaara ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951, iliwaliza wazee wetu, na nyimbo zake ziliimbwa na watu wasiojua neno la Kihindi. Filamu ikiwa mbaya, habari ilifika Darajani kabla onyesho halijaisha, na kesho yake viti vilikuwa vitupu. Hiyo nayo ilikuwa hukumu.

Majumba hayo yakafa moja baada ya jingine. Zikaja kanda za video, zikaja televisheni za nyumbani, yakaja mabanda ya video ambako mfasiri kama Lufufu hapa Tanzania, au DJ Afro kule Kenya, aliweka maneno yake juu ya filamu ya kigeni hadi ikawa kama yetu. Mji ukabaki na watazamaji hodari wasio na ukumbi.

Katika hali hiyo ndipo tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, lilipozaliwa. Liliasisiwa mwaka 1997 na tamasha lake la kwanza likafanyika mwaka 1998. Jina lake jingine ni Tamasha la Nchi za Majahazi, kwa maana ya nchi zote zilizounganishwa na pepo za kaskazi na kusi: Afrika Mashariki, visiwa vya Bahari ya Hindi, Arabuni, Ghuba, Bara Hindi. Tuzo zake zikaitwa Jahazi la Dhahabu na Jahazi la Fedha. Ukumbi wake mkuu ukawa Ngome Kongwe, ile ngome ambayo Waomani waliijenga mwishoni mwa karne ya 17 baada ya kuwaondoa Wareno, mkabala na Forodhani. Ndani yake kuna ukumbi wa wazi wenye ngazi za mawe. Jua likishazama, kiza kikaingia, turubai likawashwa, hakuna haja ya jengo jingine.

ZIFF ilifanya jambo moja ambalo nataka ulikumbuke. Kwa miaka mingi haikubaki Mji Mkongwe tu. Ilichukua projekta ikaenda vijijini, Unguja na Pemba, ikaonyesha filamu uwanjani, ikaweka pia maonyesho ya akina mama na ya watoto. Lori lile la mwaka 1935 lilirudi, msikilizaji, lakini safari hii halikuja kumfundisha mtu kuhusu minyoo. Lilileta hadithi, na wenye kijiji wakawa huru kucheka, kuguna, au kuondoka zao.

Hapa sasa ndipo penye lawama yangu, na naielekeza kwa matamasha mengi, ya kwetu na ya kwingine, bila kumlenga mmoja. Filamu fupi inakaribishwa kwa maneno matamu, kisha inapewa saa mbaya. Inawekwa mchana wa jua kali, katika chumba cha mikutano chenye mapazia yasiyozuia mwanga, wakati watu wako kazini na wanafunzi wako darasani. Waliomo ni watengenezaji wenyewe, kila mmoja amekuja kutazama yake na kupiga makofi kwa ya jirani. Usiku, watu wanapofurika, jukwaa linapewa filamu ndefu na muziki. Halafu inafika siku ya kufunga. Mshereheshaji anatangaza: filamu fupi bora ni ya fulani. Makofi. Picha zinapigwa, mheshimiwa anatoa kikombe. Ukimuuliza aliyeketi kando yako filamu hiyo inahusu nini, hajui. Amepiga makofi kwa adabu tu.

Tuzo hiyo imetolewa mjini, lakini mji haukuitoa.

Linganisha na ukumbi wa taarabu. Mwimbaji yuko jukwaani, anaimba. Mama mmoja amekaa nyuma, ubeti umemgusa mahali anapopajua mwenyewe. Anainuka, anatembea kwa madaha mbele ya ukumbi mzima, noti iko juu mkononi, anamtunza mwimbaji. Kila mtu ameona nani katunza, wimbo gani, ubeti upi. Wapo wanaoanza kunong'ona kwamba ujumbe ule kaulenga kwa fulani. Hukumu imetolewa papo hapo na mtu aliyesikiliza hadi mwisho. Wahenga waliposema mcheza kwao hutunzwa, walikuwa wanajua kwamba mwenye kutunza ni mwenyeji, na anatunza alichokiona.

Najua kuna hoja ya kunipinga. Mtu atasema: kwa nini tuzo kabisa? Sanaa si mbio za ngalawa. Na kuna miji midogo iliyochukua msimamo huo. Telluride, mji uliokuwa wa machimbo katika milima ya Colorado, Marekani, una tamasha tangu mwaka 1974 na hauna mashindano. Sodankylä, kijiji kikubwa cha Lapland huko Finland, kina tamasha lililoanzishwa mwaka 1986 na waongozaji filamu wawili, ndugu wa ukoo wa Kaurismäki, pamoja na wenzao. Linafanyika mwezi wa Juni, wakati jua la huko halizami kabisa, na filamu zinaonyeshwa usiku na mchana. Nako hakuna mashindano. Watu wanasafiri kutoka mbali kwenda kutazama filamu, wanazungumza na waongozaji, wanarudi makwao. Hakuna aliyeshinda, hakuna aliyeshindwa.

Naliheshimu hilo, na kwa filamu ndefu nakaribia kukubaliana nalo. Mwongozaji anayefika Telluride mara nyingi ana msambazaji, ana mwanasheria, ana bango tayari limechapwa. Haihitaji tuzo kama mtu anavyohitaji maji. Kijana wa Tanga au Kisumu aliyetengeneza dakika kumi kwa kamera ya kuazima hana kimoja katika hivyo. Kwake tuzo ni barua ya utambulisho. Akienda kuomba ufadhili wa kazi ya pili, ana cha kuweka mezani.

Tazama barua hizo zimewafikisha watu wapi. Park City ni mji mdogo wa milimani katika jimbo la Utah, uliojengwa na machimbo ya fedha. Mwaka 2013, kwenye tamasha la Sundance lililofanyika hapo, Damien Chazelle alipata tuzo ya majaji ya filamu fupi kwa filamu ya dakika 18 iitwayo Whiplash, kuhusu mpiga ngoma na mwalimu wake mkali. Ile fupi ilikuwa sehemu tu ya kisa alichotaka kukisimulia. Alihitaji watu wa kuamini kwamba kisa kizima kinawezekana. Mwaka uliofuata alirudi palepale na Whiplash ndefu, na mwaka 2015 ikachukua Oscar tatu.

Park City hiyohiyo, mwaka 2010, ilionyesha Pumzi, filamu fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu. Ni kisa cha dunia iliyokwisha maji, na mwanamke mmoja, Asha, anayepata udongo wenye uhai na kuamua kutoka nje kwenda kupanda mbegu. Dakika ishirini na kitu. Kabla ya hapo, ukizungumza habari za Waafrika na filamu za kubuni dunia ya kesho, watu walikuwa wanakutazama tu. Baada ya hapo, wanazitafuta.

Kisha kuna Watu Wote. Hii imezungumzwa kwa Kiswahili na Kisomali, ikaongozwa na Katja Benrath, mwanafunzi wa chuo cha Hamburg, na kupigwa picha Kenya pamoja na Wakenya. Chanzo chake ni tukio la kweli la Desemba 2015, basi liliposhambuliwa karibu na Mandera na abiria Waislamu wakakataa kutengwa na wenzao Wakristo. Mwaka 2017 ilipata tuzo ya dhahabu ya Oscar za wanafunzi, na mwaka 2018 ikawa miongoni mwa filamu fupi tano zilizoteuliwa kuwania Oscar yenyewe. Haikushinda. Lakini dakika 22 za Kiswahili zilifika mahali ambapo Kiswahili hakisikiki mara kwa mara.

Na hapa kwetu, Amil Shivji, aliyeongoza filamu ya Vuta N'Kuvute kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, ile iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021, hakuanzia na riwaya nzima. Alianzia na filamu fupi, Shoeshine na Samaki Mchangani. Ndipo ikaja T-Junction, iliyofungua ZIFF mwaka 2017. Mlolongo huo ndio kawaida ya kazi: fupi, fupi, ndefu. Ukiikata mizizi, usishangae kukosa matunda.

Msikilizaji, lipo jambo jingine linaloharibu heshima ya tuzo, nalo nalisema kwa vijana wetu hasa. Siku hizi kuna yanayoitwa matamasha ambayo hayana ukumbi, hayana mji na hayana mtazamaji. Yako kwenye mtandao tu. Unalipa ada ya kuingia kwa dola, unapeleka filamu yako, na baada ya mwezi unaletewa picha ya majani yale mawili ya ushindi, uyabandike kwenye bango lako. Mwezi unaofuata yanatoa tena, na unaofuata, kwa makumi ya watu. Ukitaka kikombe cha kushika, unakinunua. Nimeona mabango yaliyojaa majani hayo hadi sura ya mchezaji haionekani.

Kipimo changu ni chepesi. Kabla ya kulipa, uliza maswali matatu. Filamu yangu itaonyeshwa wapi, saa ngapi? Majaji ni akina nani? Walioshinda mwaka jana ni akina nani, na leo wako wapi? Tamasha la kweli, hata likiwa la kijiji, litakujibu. Heri kuonyeshwa uwanjani Makunduchi mbele ya watu mia mbili waliokaa kwenye mikeka kuliko kutuzwa na anwani ya barua pepe.

Sasa nifike kwenye ushauri. Nawaelekea waandaaji wa matamasha tuliyonayo, na wale wa Lamu, Bagamoyo, Kilwa, Mtwara au Goma wanaofikiria kuanzisha au kupanua.

La kwanza ni saa. Filamu fupi ipewe saa nzuri. Kila usiku, kabla ya filamu ndefu ya ukumbi mkuu, onyesheni fupi moja au mbili kati ya zinazowania tuzo. Watu wamekwishakaa, hawana pa kwenda. Usiku wa kufunga, filamu iliyoshinda ionyeshwe nzima, papo hapo, kabla ya kikombe kutolewa. Ni dakika kumi na tano. Mkipunguza hotuba mbili, zimepatikana.

La pili ni hukumu. Jopo la majaji wenye ujuzi libaki, maana jicho lililozoea linaona kazi ya mwanga, sauti na uhariri ambayo mwingine haioni. Lakini kando yake iwepo tuzo ya watazamaji, yenye hadhi na fedha sawa. Najua hofu: kijana wa mjini atajaza ukumbi kwa shangazi na binamu zake. Dawa ipo. Msihesabu kura, hesabuni wastani wa alama. Kila anayeingia apewe kadi, atoe alama kutoka moja hadi tano kwa kila filamu ya kipindi hicho. Iliyotazamwa na watu arobaini inaweza kuishinda iliyotazamwa na mia nne, na wingi wa binamu peke yake hautatosha. Mfumo huo unatumika katika matamasha mengi na hauhitaji mtambo wowote zaidi ya kalamu.

La tatu ni zawadi yenyewe. Kikombe ni kizuri kabatini. Lakini mshindi wa filamu fupi anahitaji kazi ya pili. Mpeni siku za kutumia kamera na vifaa vya sauti. Mpeni chumba cha uhariri. Mpeni mtu mzoefu wa kuusoma mswada wake ujao na kumwambia ukweli. Mpeni nauli ya kuifuata filamu yake kwenye tamasha jingine. Kule Ouagadougou, FESPACO, tamasha lililoanza mwaka 1969, mshindi wa filamu ndefu hupewa sanamu ya farasi wa Yennenga, binti mfalme wa masimulizi ya kale, na mshindi wa filamu fupi hupewa mwana wa farasi. Wamefikiri vizuri. Mwana wa farasi hulishwa kwa kuwa anatarajiwa kukua.

La nne liko nje ya uwezo wa waandaaji. Linavihusu vituo vyetu vya televisheni, vya umma hasa. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994 kuona televisheni ya aina yoyote. Heshima hiyo ina deni. Kila wiki, baada ya taarifa ya habari, itengwe robo saa kwa filamu fupi moja iliyotuzwa katika matamasha ya Afrika Mashariki, na mwenye filamu alipwe. Alipwe, narudia, hata kama ni kidogo. Mtu wa Wete, Pemba, asiyeweza kuvuka kwenda Ngome Kongwe ataiona sebuleni kwake, na kesho yake barazani atasema kama majaji walipatia au walikosea.

Na la mwisho ni lako wewe msikilizaji. Tamasha likija mjini kwenu, usingoje usiku wa muziki. Chukua ratiba, tafuta palipoandikwa filamu fupi, nenda. Nenda na mtoto, nenda na jirani. Ukipewa kadi ya alama, ijaze kwa haki. Filamu ikiwa mbaya, toa alama moja bila kuona haya, hata kama mwenye filamu ni mtoto wa mtaani kwenu, kwa maana sifa ya bure haimjengi mtu. Na ikiwa nzuri, msubiri mlangoni umwambie kilichokugusa. Mji usiotazama filamu za vijana wake hauna haki ya kulalamika kwamba hadithi zake zinasimuliwa na wengine.